Hoteli ya Bei Nafuu Mji Mkongwe: Hesabu Saa Kabla ya Shilingi

Watu wengi wa bara wanaovuka kwenda Unguja kwa wikiendi hutafuta hoteli kwa njia moja. Wanafungua tovuti ya kuhifadhi vyumba, wanapanga orodha kuanzia bei ya chini kabisa, kisha wanachukua ya tatu au ya nne wakiamini wamekwepa ubovu na wameokoa fedha. Njia hiyo inaweza kumfaa anayekaa wiki mbili. Anayekaa usiku mbili mara nyingi humfikisha kwenye chumba cha bei ndogo na safari ya gharama kubwa.

Sababu ni muda. Chukua mtu anayepanda boti ya alasiri siku ya Ijumaa kutoka Dar es Salaam na kurudi kwa boti ya alasiri ya Jumapili. Mwendo ni takribani saa 2, kwa hiyo anashuka bandarini Malindi jioni. Ukiondoa usingizi wa usiku mbili, amebakiwa na saa zisizofika 30 za kuwa macho. Ndani ya saa hizo anataka kuiona Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko la Darajani, Forodhani baada ya magharibi, na pengine kisiwa cha Changuu. Kila saa inayoliwa na teksi, na kila usiku unaoharibiwa na joto au kelele, ni sehemu ya bei ya chumba hata kama haimo kwenye risiti. Kwa safari fupi, hoteli nafuu ni ile ambayo jumla yake ni ndogo: chumba, usafiri, chakula na usingizi vikiwekwa pamoja.

Anza na mtaa

Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni mdogo. Eneo lake halifiki kilomita moja ya mraba, na mtu mwenye afya huukata kwa miguu kutoka Darajani hadi Shangani kwa dakika 15 hadi 20. Udogo huo ndio unaobadilisha hesabu nzima, kwa sababu aliyelala ndani ya mji hahitaji gari kabisa kwa sehemu kubwa ya safari yake.

Tuchukue tarakimu za mfano. Gesti moja iko nje ya mji, upande wa uwanja wa ndege, nayo inatoza shilingi 60,000 kwa usiku bila chai ya asubuhi. Nyumba nyingine iko ndani ya Mji Mkongwe, inatoza 85,000, chai ya watu wawili ikiwemo. Kwa usiku mbili ile ya kwanza ni 120,000 na ya pili ni 170,000, na mtu anaona ameokoa 50,000. Sasa ongeza teksi: kwenda mjini na kurudi kwa siku mbili ni safari 4, na tuseme kila moja ni 15,000. Hiyo ni 60,000. Ongeza chai ya watu wawili kwa asubuhi mbili, tuseme 5,000 kwa kila mmoja, upate 20,000 nyingine. Gesti ya nje imefika 200,000, wakati ya mjini imebaki 170,000. Na bado hatujagusa mchana: aliyelala mjini anaweza kurudi chumbani saa 8, akaoga, akajinyoosha kidogo, kisha akatoka tena jua likishapoa. Aliyelala mbali atazunguka na jasho lake mpaka usiku.

Hesabu hiyo hugeuka kwa baadhi ya wasafiri. Mwenye ndege ya alfajiri, mwenye gari lake, au familia yenye watoto wadogo wanaohitaji uwanja wa kuchezea wanaweza kufanya vizuri zaidi Kiembesamaki au Mbweni. Ng'ambo nako, yaani upande wa pili wa barabara inayopita Darajani, zipo gesti mpya zenye vyumba vikubwa, maegesho na bei ya chini, na kutoka Michenzani hadi Darajani unatembea tu. Anayetaka chumba kisafi bila kujali dari ya boriti na mlango wa nakshi asidharau Ng'ambo.

Ndani ya Mji Mkongwe kwenyewe mitaa haifanani. Shangani ndiko bahari, mikahawa mikubwa na machweo, na bei hupanda kwa sababu hizo hizo. Mwisho wa wiki muziki unaweza kuendelea hadi usiku mwingi. Malindi iko hatua chache kutoka bandarini, jambo zuri kwa mwenye mabegi na boti ya asubuhi, ila shughuli za bandari na za samaki huanza mapema. Kiponda na Hurumzi ziko katikati, karibu na kila kitu, zenye nyumba kubwa za zamani zilizogeuzwa hoteli. Mkunazini na Sokomuhogo bado ni mitaa ya wenyeji: maduka yakifungwa pananyamaza, na huko ndiko mara nyingi hupatikana chumba cha bei ya kati chenye utulivu.

Kumbuka pia kwamba magari hayaingii kwenye vichochoro vingi. Teksi itakushusha barabarani na utabeba begi lako hadi mlangoni. Uliza ni umbali gani kutoka alama inayojulikana, kama Darajani, Jaws Corner au Forodhani, na kama kichochoro kina taa usiku. Mwanamke anayesafiri peke yake aongeze swali jingine: mapokezi yana mtu usiku kucha, au mlango hufungwa saa fulani na mgeni hupewa ufunguo?

Nyumba ya kale ina tabia zake

Hoteli nyingi za Mji Mkongwe ni nyumba za watu zilizojengwa karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukielewa zilivyojengwa, utaelewa kwa nini katika hoteli moja chumba namba 3 kinapendeza na namba 5 hakilaliki, ilhali vyote vinauzwa kwa bei moja.

Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko haurefuki kwa kadiri mjenzi apendavyo, kwa hiyo upana wa chumba cha kale kwa kawaida hauzidi sana mita 3. Vyumba vikawa vyembamba na virefu. Weka ndani yake samadari ya watu wawili, kabati na bafu lililoongezwa baadaye, na mara mgeni hana pa kufungulia begi. Picha zilizopigwa kwa lenzi pana kutoka pembeni huficha jambo hili, basi uliza ukubwa, au uliza kama kitanda cha tatu cha mtoto kinaingia. Jibu la swali hilo la pili hukupa ukubwa wa kweli kuliko picha yoyote.

Ghorofa ya chini zamani mara nyingi ilikuwa duka au bohari. Madirisha yake ni madogo au hayapo, na unyevu hupanda kutoka ardhini. Kuta za chokaa hupumua na kuuachia unyevu utoke. Zikipigwa plasta ya saruji, kama ilivyofanyika kwenye nyumba nyingi, unyevu hunaswa ndani, rangi hutoka malengelenge na chumba kizima hunuka ukungu. Ukifika, fungua kabati kabla ya kufungua begi. Kabati lenye harufu ya ukungu linakueleza hali ya shuka na mito pia, na huo ndio wakati wa kuomba chumba kingine kwa upole, kabla hujatandaza vitu vyako.

Ghorofa za juu zina upepo na mwanga, lakini ngazi za nyumba hizi ni kali, vidato vyake havilingani, na lifti ni adimu. Kama umefuatana na mzazi mwenye magoti mabovu, omba ghorofa ya kwanza: inakuwa juu ya unyevu na chini ya mateso. Chumba kilicho chini kabisa ya bati, nacho, huhifadhi joto la mchana hadi usiku wa manane. Kiyoyozi kitalipoza, umeme ukiwepo.

Umeme una historia yake hapa. Unguja huupata kutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari, na waya huo ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Waya mpya mkubwa zaidi ulitandikwa miaka michache baadaye, na hali ya leo si ile, lakini kukatika kwa saa chache bado kupo. Kwa hiyo usiulize tu kama hoteli ina jenereta. Uliza jenereta hiyo inawasha nini.

Jambo la mwisho la nyumba ni sauti. Mji Mkongwe una misikiti karibu kila mtaa, na adhana ya alfajiri husikika mnamo saa 11. Huo ni mji wenyewe, na mgeni mwema huupokea ulivyo. Asiyeweza kulala tena baada ya hapo aombe chumba kinachotazama uani, na apange kulala mapema.

Namna ya kuuliza

Mazungumzo mafupi kwa simu hufichua mengi kuliko picha 20. Yasome haya, ya aina inayofanyika kila siku kati ya mteja wa bara na mapokezi ya nyumba ndogo mjini Unguja:

"Habari za asubuhi, dada. Nimeona mna chumba cha watu wawili Ijumaa na Jumamosi. Ni chumba kipi hasa?"

"Nzuri, kaka, karibu sana. Ni namba 4, ghorofa ya pili."

"Dirisha lake linatazama wapi?"

"Linatazama uani."

"Umeme ukikatika, jenereta inawasha kiyoyozi?"

"Hapana kaka, taa na feni tu."

"Basi nakuomba unipigie kwa video ukiwa humo chumbani, unifungulie dirisha na bomba la bafuni."

Maswali matatu na ombi moja, na mteja ameshajua karibu kila kitu. Chumba kipo kweli na kina namba, kwa hiyo hatabadilishiwa kirahisi akifika. Kiko juu ya unyevu. Kiko kimya, lakini uani upepo ni mdogo, na umeme ukienda atategemea feni na dirisha wazi, basi chandarua lazima kiwe kizima. Video itamwonyesha kama dirisha linafunguka kweli, na kama maji yanatoka kwa nguvu au yanadondoka. Angalia pia mapokezi alivyojibu: amesema ukweli kuhusu kiyoyozi bila kuzungukazunguka. Nyumba inayokwambia ukweli kabla hujalipa ina nafasi kubwa ya kukutendea haki ukishalipa.

Maoni ya wageni waliotangulia yasomwe kwa mpango uleule. Wastani wa alama haukusaidii sana. Nenda kwenye maoni ya miezi ya karibuni, kisha yale ya alama za chini, utafute lalamiko linalojirudia. Mgeni mmoja akisema maji yalikuwa baridi, huenda hita iliharibika siku hiyo. Watatu wakisema hivyo katika miezi tofauti, hita haijatengenezwa. Nyota nazo zichukuliwe kwa kipimo: hupimwa kwa vifaa na huduma, na hoteli yenye mgahawa na bwawa inaweza kukupa usingizi mbaya kuliko nyumba ya vyumba 8 isiyo na nyota hata moja.

Bei hupandaje na hushukaje

Chumba kisichouzwa usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho kufidia leo. Hapo ndipo bei zote za hoteli zinapoanzia, na ndiyo sababu mwenye nyumba yuko tayari kushuka siku za ukame wa wageni na hana haja ya kushuka siku za mafuriko.

Unguja wageni hufurika kuanzia Julai hadi Septemba au Oktoba, kisha tena Desemba hadi Februari. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, hujaza vyumba vya mjini mwezi Februari. Sikukuu za Idi na siku zinazozunguka Januari 12, Sikukuu ya Mapinduzi, huleta wageni wengi wa ndani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo wakati wa bei za chini. Hoteli kadhaa za pwani hufunga kabisa, lakini za mjini nyingi hubaki wazi. Mvua za masika huwa kubwa, ila kwa mtu anayekuja kuona nyumba, makumbusho na masoko, mvua inamnyang'anya saa chache tu. Ijumaa na Jumamosi za Aprili hazina bei ya Ijumaa na Jumamosi za Agosti, na Jumatatu na Jumanne hupungua zaidi.

Kwa Watanzania na wageni wenye vibali vya ukaazi, hoteli nyingi zina bei ya mkaazi, tofauti na ile ya mgeni wa nje. Tovuti za kimataifa mara nyingi huonyesha ya wageni wa nje peke yake. Piga simu, taja kwamba wewe ni mkaazi, uliza bei kwa shilingi, na beba kitambulisho. Uliza pia kama bei hiyo imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani na ushuru unaotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Tofauti ndogo kwa mtu mmoja huwa kubwa kwa familia ya watu watano.

Kupiga simu kuna faida nyingine. Tovuti kubwa za kuhifadhi vyumba humkata mwenye hoteli kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Chumba cha 100,000 humwachia 85,000 au pungufu. Ukimwomba 90,000 moja kwa moja, wewe umepunguziwa na yeye ameongezewa. Tovuti nayo ina faida yake: masharti ya kughairi yameandikwa wazi. Hilo si dogo, kwa maana bahari ikichafuka, hasa upepo wa kusi ukizidi, safari za boti huweza kusitishwa. Kwa hiyo ukihifadhi kwa simu, omba masharti hayo kwa ujumbe wa maandishi: nikichelewa siku moja kwa sababu ya boti, fedha zangu zinakuwaje? Lipa kianzio tu, na kabla ya kubonyeza namba ya siri hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la biashara hiyo au la mtu uliyetajiwa na mapokezi. Matapeli wanaoiba picha za hoteli na kufungua kurasa za mitandao ya kijamii huomba malipo yote mapema, tena kwa haraka.

Bandarini utakutana na mapapasi, yaani madalali wa wageni, watakaokwambia hoteli uliyoitaja imejaa au imefungwa. Wajibu kwa heshima kwamba umeshalipia. Anayempeleka mgeni hotelini hulipwa kwa kumpeleka, na malipo hayo huingizwa kwenye bei ya chumba.

Usisahau saa za kuingia na kutoka. Hoteli nyingi hukabidhi chumba saa 8 mchana na kukitaka saa 4 asubuhi. Aliyekuja na boti ya asubuhi na kuondoka na ya alasiri ana saa nyingi za kutangatanga na begi. Uliza kabla: naweza kuacha begi mapokezi, na naweza kuoga kabla ya kuondoka? Nyumba nyingi ndogo hukubali bila malipo, na huduma hiyo peke yake huirefusha Jumapili yako kwa nusu siku.

Bei nafuu na bei ya haki

Mwenye kutafuta unafuu ana haki ya kujua kwamba nyumba za Mji Mkongwe ni ghali kuzitunza. Paa likivuja, maji huingia kwenye chokaa, boriti huoza, ukuta hulegea. Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lililokuwa fahari ya mji mzima, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020. Bei iliyo chini mno kuliko za majirani mara nyingi ina maana kwamba paa halijaguswa, kwamba mfanyakazi hajalipwa, au yote mawili. Ninamsihi msomaji asiifurahie bei ya namna hiyo. Aitafute ile ya katikati, inayomtosha yeye na inayoiwezesha nyumba kusimama.

Nguvu ya kufanya hivyo iko mikononi mwetu wateja wa ndani. Mwenye hoteli hutengeneza kile anachoulizwa. Tukiendelea kuuliza punguzo peke yake, tutapewa punguzo, na dirisha litabaki limepigiliwa misumari. Tukiuliza habari za dirisha, chandarua, jenereta na ngazi kabla ya kufika kwenye bei, nyumba zinazotunzwa ndizo zitakazojaza vyumba vyao hata Aprili, na zitaweza kuendelea kutoza bei ambayo mwalimu wa Morogoro au muuguzi wa Tanga anaimudu bila kukopa.